Rafu ya Posta na Vikombe vya Wanja

Jumatatu, 6 Machi 1995

Leo nimelima shamba lote la viazi kabla jua halijawa kali. Peke yangu. Na umri wangu huu.

Uongo. Nimelima kutoka langoni hadi kwenye kisiki, mahali ambapo ng'ombe mmoja anaweza kulala akijikunja. Halafu nikakalia kisiki. Wanja alikuwa ananitazama kutoka jikoni, kwa hivyo hata humu kitabuni siwezi kudanganya sana. Mgongo unauma.

Baada ya kula nikaenda posta hapa Kiirua. Kifurushi kimefika. Makena wa posta akakitingisha mbele ya watu, akauliza ni nini kinalia ndani. Nikamwambia ni meno mapya ya mama yake. Akanifanya nitie sahihi mara mbili, kama adhabu.

Ni rafu. Rafu ya chuma ya kuning'iniza ukutani kwa kulabu. Niliiona kwenye gazeti lililofungia nyama. Kampuni ya Nairobi, inauza kwa posta. Unatuma pesa, wanatuma mzigo, uso kwa uso hamuonani. Kwenye picha mzungu mmoja mnene anabembea kwenye rafu kama tumbili na anacheka. Nikasema ikibeba huyu, vikombe ni nini?

Jumatano, 8 Machi

Nimefunga rafu. Nimefunga mwenyewe, bisibisi ya kuazima. Ukuta wetu ni mbao za mwerezi, msumari ukiingia hautoki. Nilining'inia kidogo kwa mkono mmoja kuijaribu. Ikakaa.

Mchwa walikula miguu ya kabati la Wanja mwaka jana, na tangu hapo vikombe vyake vinaishi ndani ya katoni chini ya kitanda. Vikombe vya wageni. Mimi sijawahi kunywea hata kimoja. Mimi si mgeni. Vilitoka kwa kikundi cha akina mama, kile cha kununuliana vyombo. Zamu yake ilipofika kila mama alileta kikombe chake, maua mekundu na mstari wa dhahabu, na chini ya kikombe akaandika jina lake kwa rangi. Mama Kendi. Mama Karimi. Mama Nkatha, ambaye alituacha Desemba.

Kikundi kinakuja tena hapa kwetu tarehe mosi Aprili. Kila mama atataka kunywea kikombe chake. Nawajua. Watavipindua kuangalia chini hata kabla ya maombi.

Wanja alipanga vikombe rafuni jioni nzima. Akarudi nyuma kuangalia. Akasogeza kimoja. Akarudi nyuma tena. Halafu akanikaangia yai bila mimi kuomba. Bibi yangu ni Mwembu wa Karurumo, hawa hawapeani yai ovyo. Nimelala kama chifu.

Alhamisi, 9 Machi

Imeanguka.

Nilikuwa nje napiga mswaki. Nikasikia kama bati linashuka. Ndani vumbi, vipande, rafu imelala kwa mdomo. Redio yangu ilikuwa chini yake mezani. Tumbo lake limepasuka, nyaya nje.

Nikapiga kelele, "Redio yangu! Uui, redio yangu!"

Wanja alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Alisikia.

Vikombe viwili vimebaki. Cha Mama Kendi na kingine hakina mkono. Wanja alipiga magoti akaokota vipande vyenye majina, kimoja kimoja, akaweka kwenye kitambaa. Hakusema kitu. Mimi nikasema kitu. Nikasema pengine redio itatengenezeka.

Mimi ni mjinga.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekagua rafu. Skrubu zangu bado ziko ukutani, zimeshika kama kupe. Kilichokatika ni kulabu. Imekatika katikati, na ndani yake ni matundu matupu, kama maharagwe yaliyoliwa na wadudu. Nje inang'aa, ndani hamna. Nimewahi kuwajua watu wa namna hiyo lakini sikuwanunua kwa posta.

Kwa hivyo si mimi. Nimemwambia Wanja si mimi. Akaniletea uji kwenye kile kikopo cha kuchotea maji ya kuku.

Jumamosi, 11 Machi

Kimya. Nilijaribu mzaha wa yule padri na punda. Huo huwa haukosi. Ulikosa.

Niliomba chumvi. Akasema, "Uliza redio yako."

Jumatatu, 13 Machi

Wanja ameenda kwao. Kwa kaka yake Njeru, Karurumo. Alifunga nguo asubuhi, akakamua ng'ombe, akamkabidhi jirani yetu Mama Kendi maziwa na mimi pamoja, nafikiri kwa mpangilio huo. Alisema hawezi kuwa hapa siku kikundi kitakapokuja. Hatawaangalia akina mama usoni. Hasa watoto wa Mama Nkatha wakimtuma mtu aje kuangalia kikombe cha mama yao.

Nikasema, "Sasa unaniacha kwa sababu ya vikombe?"

Akasema, "Ukijua ni kwa sababu gani, Karurumo unajua njia."

Miaka yote hii amelalamika juu ya baridi ya Kiirua na hakuwahi kuondoka. Ikabidi iwe rafu.

Nimeandika barua kwa kampuni. Nimeandika kwa nguvu sana, kalamu imetoboa karatasi. Shule niliacha darasa la nne lakini hasira haihitaji cheti. Nimewaambia rafu yenu imevunja vikombe vya bibi yangu na bibi amerudi kwao kwa ajili yenu, na sasa mnipe mahali haraka, nije mwenyewe tumalize. Nimetaka wanielekeze ofisi. Makena ameipiga muhuri. Nina hakika ameisoma mpaka mwisho.

Alhamisi, 16 Machi

Githeri, mahindi na maharagwe tu, imeungua. Nimekula iliyoungua. Nyumba ina sauti ambazo sikuwa nazijua. Mbao zinalia. Labda zimekuwa zikilia siku zote, ni vile kulikuwa na redio na Wanja.

Nimelima kidogo. Mvua haijaja. Sina hamu.

Jumapili, 19 Machi

Kanisani wameniuliza Mama Kinya yuko wapi. Kinya ni binti yetu, ameolewa Laare huko kwenye miraa, na hapa hakuna anayemwita mke wangu Wanja isipokuwa mimi. Nikasema ameenda kumwona kaka yake, mgonjwa. Mama Kendi akanitazama. Anajua kila kitu. Alikuja juzi kuchukua maziwa akaona rafu sakafuni, na kile kikombe chake kilichobaki kizima dirishani. Hakusema. Hilo ndilo linachosha. Mama Kendi akinyamaza ni kama mvua iliyokusanyika.

Jumatano, 22 Machi

Hakuna barua. Nimeenda posta bure. Makena anasema nikitaka naweza kuleta kitanda.

Ijumaa, 24 Machi

Barua imekuja. Nainakili sehemu hapa ili nikifa watu wajue.

"Kampuni inasikitika kusikia matatizo ya ndoa yako. Hata hivyo, kampuni haihusiki kwa njia yoyote na malipo ya mahari."

Nimesoma mara tatu. Mahari? Nani ametaja mahari?

Makena alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanacheka. Akasema, "Mzee, ulitaka wakulipie ng'ombe?"

Nikaelewa. Niliandika *nipeni mahari haraka*. Nilitaka kuandika mahali. Mdomo wangu hauna L ya kutosha, na kumbe hata kalamu ni ya huku kwetu. Bibi amerudi kwao, nipeni mahari haraka. Ukisoma hivyo, hata mimi naona ni madai ya mwendawazimu. Nairobi nzima wanajua kuna mzee wa Meru anataka kampuni ya rafu imlipie ng'ombe wa kumrudisha bibi.

Nimecheka peke yangu njiani. Halafu nikaacha kucheka. Nikakaa kando ya barabara nikaisoma tena yote.

Mwisho wa barua, kwa herufi ndogo, wanasema mambo ya rafu yapelekwe kwa wakala wao, Meru mjini. Kuhusu vikombe hawajasema neno.

Jumatatu, 27 Machi

Nimeenda Meru mjini. Nimechoka mpaka kwenye nywele, lakini hii lazima niiandike.

Wakala ni kijana anaitwa Gitonga. Tai, viatu vya kung'aa, duka dogo la vitu vya posta nyuma ya soko. Ukutani kwake, ukuta wa mawe, kuna rafu kama yangu. Nikaweka kulabu iliyokatika mbele yake.

"Mzee, ukuta wako ni mbovu."

"Umeuona?"

"Sijauona."

"Basi wewe ni nabii. Niambie na mvua inakuja lini."

Kulikuwa na wateja wawili, mama na kijana mwenye pikipiki. Wakasogea. Mtu wa Meru hakosi kesi ya bure.

Gitonga akasema rafu imepimwa Ulaya, inabeba mtu mzima. Akatoa lile tangazo, akanionyesha mzungu anayebembea. Nikamwambia vizuri sana. Ukuta wako ni wa mawe. Rafu yako ni mpya. Na wewe si mnene. Bembea.

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamshikia koti.

"Bembea, kijana. Nikiona umebembea, naenda nyumbani na sirudi tena."

Akaangalia rafu. Akaangalia kulabu. Akaangalia chini, sakafu ya saruji. Yule mama akasema, "Panda, si imepimwa Ulaya?"

Gitonga akasema polepole, "Mzee, mimi niko na watoto."

Nikamwambia, "Basi tumeelewana."

Mama alicheka mpaka akashika kaunta. Gitonga akafunga mlango, akapiga simu Nairobi. Simu za siku hizi, hata ukiwa upande wa pili wa chumba unasikia. Sauti ya mwanamke huko ikauliza, "Ni yule wa mahari?" Halafu kicheko, na kicheko kingine nyuma yake. Barua yangu wameibandika ukutani. Kila mtu ofisini huko anamuuliza mwenzake kama amelipwa mahari.

Wakanipa rafu mpya. Nikakataa. Wanataka iue na vile viwili vilivyopona? Wakanipa pesa za rafu. Nikakataa tena, ingawa mguu mmoja ulikuwa umeshasogea. Nikasema nataka vikombe. Akina mama wanakuja Jumamosi na hawatakunywea risiti.

Kumbe na vikombe wanauza kwa posta. Gitonga alikuwa na katoni nyuma, mteja alikataa kuichukua. Vina bata. Bata wa rangi ya samawati, wanatembea kuzunguka kikombe, mmoja nyuma ya mwingine. Si maua. Si dhahabu. Lakini ni vizima na vinatosha kikundi.

Nikavipiga kila kimoja kwa kucha kusikia kama kinalia vizuri. Vinalia.

Kampuni imelipa. Nimeshinda Nairobi. Ningekuwa na mtu wa kumwambia.

Jumatano, 29 Machi

Karurumo. Naandika nikiwa kwa Njeru, kitandani kwa watoto wake, magoti nje.

Nimefika mchana na katoni nimeikumbatia kama mtoto. Njeru akanipokea langoni. Hakunipisha.

"Muthoni, karibu. Umeleta mbuzi au umeleta mdomo?"

Muthoni kwao ni mkwe, si jina. Nikamwambia nimeleta bata. Akafungua katoni akitafuta bata wa kuchinja. Shemeji yangu ni mtu wa tumbo. Alipoona vikombe alikasirika kweli. Kwao mtu akifuata mke haji mikono mitupu, na kikombe kitupu kwa Njeru ni mkono mtupu. Akasema mahari yangu haijaisha. Nikamwambia mahari haiishi, hata kampuni kubwa ya Nairobi imekataa kuilipa, na nina barua ya kuthibitisha. Hapo akacheka. Nikapita.

Wanja alikuwa anapepeta kunde. Amekonda kidogo. Nikaweka kikombe kimoja mkononi mwake.

Akakizungusha. Akaangalia bata. Halafu akakipindua.

"Chini hakuna mtu," akasema.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilipigania vikombe kutoka hapa mpaka Nairobi na sikufikiria upande wa chini.

Nikamweleza mambo yote. Barua, Makena, Gitonga na watoto wake. Nilieleza vizuri, na miguu ya Gitonga nikaiiga. Hakucheka. Akasema kampuni imelipa. Akauliza, "Na wewe?"

Nikasema, lakini kulabu ilikuwa mbovu.

Akasema, "Mimi sisemi kulabu."

Kunde zikaendelea kupepetwa. Nikakaa kwenye mawe. Nilikuwa na maneno mengi ya utani na yote yakaonekana madogo. Mwishowe nikasema pole.

"Hiyo ni ya redio?"

"Ni ya vikombe."

Akangoja.

"Na ni yako," nikasema. "Ilifaa nikuite wewe kwanza. Nikaita redio."

Hiyo sentensi ilinishinda kuliko jembe. Jasho lilinitoka.

Akasema sawa. Atarudi. Lakini kikundi nitakiambia mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya wote, yeye akiwa ameketi. Hataki nimsingizie paka.

Kusema kweli, paka nilikuwa nimeshampanga.

Ijumaa, 31 Machi

Tumerudi. Wanja amefagia mpaka chini ya kitanda. Rafu ameitupa nyuma ya choo. Vikombe vya bata vimepangwa juu ya meza, kwenye kitambaa, vikizunguka vile viwili vya maua. Amesema pale mezani vitakaa. Havitapanda popote.

Sijalala vizuri. Nimewahi kusimama mbele ya mkubwa wa polisi na sikuogopa. Mama Kendi ni kitu kingine.

Jumamosi, 1 Aprili

Walikuja wote. Wakaimba, wakaomba, wakaketi. Macho mezani. Bata wakawaangalia na wao wakaangalia bata. Hakuna aliyegusa kitu.

Nikasimama. Nikaanza na mzaha, Wanja akakohoa, nikaacha mzaha. Nikasema rafu ilikuwa yangu, niliiagiza kwa posta bila kuuliza mtu, kulabu ikakatika, vikombe vyenu vikavunjika. Nikasema ilipoanguka nililia redio. Nikasema pole kwa kila mmoja kwa jina. Nilipofika kwa Mama Nkatha, ambaye hakuwapo wa kumwambia, nikamwambia Wanja. Yeye ndiye alikuwa rafiki yake.

Wakatazamana, halafu wakamgeukia Mama Kendi.

Mama Kendi akauliza, "Na ni kweli uliwaitisha mahari?"

Makena! Nilijua.

Nikasema ni kweli. Wakapasuka. Mama Karimi alilia machozi akajifuta na leso ya mwenzake. Wakataka nirudie neno, mahari, mahari, nikajaribu kusema mahali na ikatoka vilevile, wakaanza upya. Nimekuwa nikichekesha watu maisha yangu yote, lakini leo sikuwa nimekusudia, na iliniuma kidogo, na baadaye ikaacha kuuma.

Halafu Mama Kendi akaitisha rangi. Kila mama akachukua bata wake akaandika jina chini. Walibishana ni bata yupi amenyooka. Kilibaki kimoja bila jina, cha Mama Nkatha. Hakuna aliyekigusa. Wanja akakibeba akakipeleka chumbani, akarudi akamimina chai. Mkono wake ulikuwa imara.

Wakati wa kuondoka nikajitolea kuosha vyombo. Mimi mwenyewe. Akina mama walisimama langoni kushuhudia. Wanja akasema nikiosha vyote bila kuvunja hata kimoja, atanikata kucha za miguu, kwa sababu mimi siku hizi sivifikii vidole vyangu, tunaonana kwa mbali tu.

Nimeosha. Vyote. Vizima.

Jumapili, 2 Aprili

Mvua imeanza. Ndogo, ya kunong'ona kwenye bati. Hatukuenda kanisani.

Wanja ameketi mlangoni anachambua kunde alizokuja nazo kutoka Karurumo. Haongei sana. Mimi pia. Lakini ni kimya kingine, hiki mtu anaweza kukaa ndani yake.

Mgongo unauma. Mikono inanuka sabuni. Shamba bado liko palepale kwenye kisiki na sioni haraka.

Nimemwita mara moja, hakusikia, au amesikia. Nitaita tena kwa heshima.

Wanja. Wembe uko juu ya dirisha, na kwenye beseni nimeshaweka maji ya moto. Njoo unikate kucha.